Mshono wa Kasuku

Misumari hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alipoanza kazi ya kuvalisha viti, enzi hizo za makochi na viti vya ofisini, alikuwa akijaza misumari midogo mdomoni, anaitema mmoja mmoja kwenye vidole, nyundo inagonga, na mteja akija na swali anajibiwa kwa kichwa tu. Baadaye kazi ikahamia kwenye viti vya ndege, ambako msumari hautumiki hata mmoja, ni gundi na uzi na vibanio, lakini mdomo ulikwisha kuzoea kufungwa. Ungeweza kukaa naye kutwa nzima usipate kwake zaidi ya "mm" na "haya."

Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Huyo ndiye watu wa uwanja wa ndege walimwita Kasuku, na mwenyewe alilipenda jina. Wee, mwanamke yule alijua kusema! Mteja akileta ubishi wa rangi, Kasuku anamshika mkono, anamkalisha, anampa habari za ile ngozi tangu ilipokuwa mgongoni mwa ng'ombe, na mteja anaondoka anashukuru kwa kitu alichokuja kukikataa. "Wewe kata," alikuwa akimwambia mumewe, "kusema niachie mimi." Wakaishi hivyo miaka yote, mmoja anakata, mwenzake anashona na kusema.

Karakana yao ilikuwa nyuma ya hanga la kulaza ndege, chumba kirefu chenye meza ya kukatia upande mmoja na cherehani mbili upande wa pili, na harufu ya gundi ambayo ukiingia mara ya kwanza unapiga chafya, ukizoea huisikii tena. Cherehani zilikuwa nzuri, lakini Kasuku alizitumia kwa mishono ya ndani tu. Ule wa juu, unaoonekana, unaopita mabegani mwa kiti na kushuka ubavuni, aliushona kwa mkono, kwa sindano mbili na msharasi wa kutobolea. Na alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mishono yake yote ililalia kushoto, wakati ya mafundi wengine hulalia kulia. Wateja hawakuliona jambo hilo. Misumari alilijua hata akiwa amefumba macho, kwa kupitisha kidole tu.

Sasa, ile jeti. Ilikuwa ya kampuni moja ya ujenzi, ndege ya ukubwa wa wastani, viti vinane na choo kidogo nyuma. Misumari na mkewe walikuwa wameivalisha ngozi ya kahawia, na katikati ya kazi hiyo ndipo Kasuku alipoanza kuumwa. Viti saba vilikwisha vizuri. Cha nane, kile cha nyuma kabisa karibu na choo, alikishona akiwa ametoka hospitali, mkono umevimba, akikataa kusaidiwa. Mshono ukaenda sawasawa mgongoni, ukafika begani, pale ukapinda. Ukapanda juu kidogo, ukayumba, ukarudi kwenye njia yake.

Misumari alipouona alichukua kisu cha kufumulia.

"Ukifumua huo, mume wangu," mkewe akamwambia, "na mimi nitakufumua wewe."

Walicheka, hata yeye Misumari alicheka kwa sauti, jambo ambalo si la kila siku. Kiti kikaenda kwenye ndege na bega lake lililopinda. Kasuku hakushona kingine. Walimzika kabla jeti haijamaliza mwezi angani.

Mtu akiondoka unadhani vitu vyake vitabaki vingi. Nguo dada zake walizichukua. Picha zilikuwa mbili tatu, zote za harusi za watu, amekaa kimya kama anayesubiri kukemewa, yaani hazikufanana naye hata kidogo. Na kazi za mikono yake? Makochi watu walikwisha kuyatupa, ndege nyingine ziliuzwa zikaenda zao, viti vyake vikavuliwa na mafundi wasiomjua. Iliyobaki ni jeti ile tu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikilala pale hangani. Kila ilipoletwa kusafishwa, Misumari alifuta viti saba haraka haraka, halafu akaketi kwenye cha nane na kuweka kidole pale begani. Anakaa. Marubani walidhani amechoka. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda na ambaye sasa ndiye aliyekuwa akiendesha zile cherehani, alijua, na hakumwambia mtu.

Basi kampuni ya ujenzi ikakua, ikatamani ndege kubwa zaidi, na jeti ikatangazwa kuuzwa.

Kununua jeti iliyokwisha kutumika si mambo ya kuzunguka mara mbili na kupiga teke tairi. Wanakuja makanika wa mnunuzi, wanafungua injini, wanaingiza vikamera ndani kama madaktari wa tumbo, wanang'oa sakafu kutafuta kutu, halafu rubani anairusha na kuirudisha huku wote wameshika roho zao mkononi. Katikati ya watu hao yuko dalali, na dalali huyu alikuwa na simu mbili, viatu vinavyong'aa, na ulimi usiopumzika. Ndiye aliyemleta mnunuzi.

Mnunuzi mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye kucheka, mwenye viwanda vya magodoro katika miji kadhaa, kiasi kwamba hata mbele yake watu walimwita Magodoro na yeye akaitika. Siku aliyokuja kuingia ndani ya ndege, Misumari alikuwa humo na kitambaa chake, anamalizia kung'arisha ngozi.

"Injini angalieni nyie," Magodoro aliwaambia makanika wake. "Mimi kazi yangu ni kukaa. Kitako changu hakijawahi kudanganywa."

Akaketi kiti cha kwanza, akajirusha kidogo, akakikubali. Akaketi cha pili, cha tatu, anabonyeza huku na huku kama anayechagua papai. Watu walikuwa wanacheka. Akafika cha nane. Akaegemea, akapitisha kidole begani, kidole kikasimama.

"He! Huyu aliyeshona hapa alikuwa amelewa nini?"

Kicheko kilichotoka hapo, jamani! Rubani alicheka, makanika walicheka, na Dalali akacheka kuwashinda wote, maana ndiyo kazi yake. Kisha haraka haraka, kabla hata Magodoro hajafuta machozi ya kicheko, Dalali akaingilia:

"Hilo lisikusumbue hata kidogo, bosi wangu. Viti vyote tunavua, tunavisha upya. Ngozi nyeupe! Muuzaji ndiye atakayeshughulika, wewe utasaini ukishavikalia. Na fundi mwenyewe huyu hapa. Au siyo, fundi?"

Wote wakamgeukia Misumari. Na neno alikuwa nalo, nakuapia, lilikuwa limefika kwenye meno. Lilikuwa neno dogo tu: mke wangu. Mwanamume mzima, amevalisha viti vya mawaziri, ameshindwa kutamka maneno mawili.

"Mm," akasema.

"Haya, kama mnaona hivyo," Magodoro akasema, akainuka kwenda kukagua choo.

Kitinda alikuwa chini ya ngazi ya ndege na ndoo ya maji, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo alisikia yote. Hakusema kitu mpaka walipofika nyumbani. Baba yake alipoketi kuvua viatu, akamsimamia mbele.

"Baba, Mama hakuwa mlevi."

"Najua."

"Unajua wewe. Yule mtu hajui. Nenda ukamwambie."

"Ni mteja, mwanangu."

"Basi nitamwambia mimi."

"Usithubutu!" Misumari akasema, na sauti ikamtoka kubwa hadi mwenyewe akashtuka. Akaishusha. "Pale wanabishania bei. Nikimtaja, Dalali atamgeuza hadithi ya kuuzia ndege. Sitaki mama yako awe hadithi ya kuuzia ndege."

Kitinda akaliacha hilo, maana kwa hilo baba yake hakukosea. Dalali yule angeuza hata kilio.

Hata hivyo Misumari hakulala vizuri, na asubuhi akaenda ofisini kwa Dalali. Njiani aliyapanga maneno vizuri kabisa: kwamba viti saba atavivalisha upya bila neno, ila cha nyuma aachiwe kilivyo, au ngozi yake itolewe nzima apewe, na mengine atajua yeye namna ya kufanya. Alimkuta Dalali ameshika simu moja sikioni na nyingine mkononi.

"Mzee wangu! Umekuja kuulizia ngozi? Imeshaagizwa, nyeupe kama maziwa! Bosi anasaini siku viti vikirudi ndani."

"Kile cha nyuma..." Misumari akaanza.

"Kile kilichopinda? Ndicho cha kwanza kuvuliwa! Nilitahayari mimi, mzee, nikatamani ardhi inimeze." Akainua kidole kumwomba asubiri, akarudi kwenye simu. Misumari alisubiri mpaka simu ile ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa ya tatu. Akaaga kwa kichwa, akaondoka.

Lazima nikueleze kazi hii inavyofanyika, la sivyo utasema mbona hakukitoa kile kifuniko kizima akakiweka kabatini. Kiti cha ndege hakina kipimo cha kununua dukani. Ukitaka kukivalisha upya, unavua nguo yake ya zamani, unaifumua mshono kwa mshono mpaka vipande vinatengana, unavilaza juu ya ngozi mpya, na kwa hivyo vya zamani unakata vipya. Nguo ya zamani isipofumuliwa, mpya haikatiki. Kwa hiyo wa kufumua mshono wa mkono wa Kasuku hakuwa mwingine ila Misumari. Angeikataa kazi, ingepelekwa karakana nyingine, na huko wangeupitishia wembe huku wakipiga soga.

Akaanza. Kiti cha kwanza alikifumua polepole, uzi anauvuta bila kuukata, anauzungusha kidoleni na kuuweka kwenye kopo. Kitinda alikuwa anashona vipya kwenye cherehani, amempa mgongo makusudi. Cha pili, cha tatu, mpaka cha saba. Kila siku kopo likajaa zaidi, na Misumari akazidi kuwa kimya. Mtu aliyekuwa akisema "mm" akawa hata hiyo hasemi.

Cha nane hakukigusa.

"Nitakata kwa kipimo cha cha saba," alimwambia Kitinda. "Vinafanana."

Havifanani. Kiti cha nyuma ubavu wake mmoja umepunguzwa ili kupisha mlango wa choo, na aliyelijua hilo kuliko binadamu yeyote ni yeye, kwa sababu zamani ni yeye aliyekikata. Lakini mtu akitaka jambo sana anajidanganya huku anajiona. Akakata kwa kukisia, Kitinda akashona, wakavua kifuniko cha zamani kikiwa kizima, wakavalisha. Ngozi nyeupe ikakunjika ubavuni kama shati la kuazima. Wakavuta huku, ikakunjika kule.

"Baba," Kitinda akasema taratibu, "ngozi iliyobaki inatosha kukata mara moja tu. Nifumue mimi?"

"Hapana."

Akakileta kile cha zamani mezani karibu na dirisha. Akavaa miwani. Mshono wa mgongoni ulikubali vizuri, uzi ukamfuata kama unamjua. Alipofika begani, pale palipopinda, mkono ukasita. Chini ya uzi kulikuwa na matundu matupu, mstari mzima, pembeni mwa yale yaliyoshonwa. Akainamisha uso karibu. Ilikuwa wazi: Kasuku alikuwa ameshona pale, akaona amepinda, akafumua, akashona tena, ukapinda tena. Alifanya hivyo mwenyewe, pengine siku mumewe alipotoka kununua gundi, na mkono ule uliovimba. Halafu ndipo akaja kumtania kwamba atamfumua. Siku zote Misumari alidhani mkewe hakuujali mshono ule. Kumbe alikuwa amehangaika nao peke yake hadi akashindwa, na kicheko kile kilikuwa cha kumfichia.

 Kisha akamaliza kufumua, akakata, na Kitinda akashona. Kifuniko kipya kikaingia kwenye kiti bila hata kukunjika.

Viti vilipochukuliwa kurudishwa kwenye ndege, Misumari akabaki karakana. Akavitandaza vipande vya kahawia vya kiti cha nane, akatia uzi kwenye sindano mbili, uzi uleule wa kwenye kopo, akaanza kuvirudisha pamoja kwa kupitia matundu yaleyale ya mkewe. Hakutaka kiti, alitaka bega tu. Akashona urefu wa kiganja, akapitisha kidole. Mishono ililalia kulia. Matundu ya Kasuku, uzi wa Kasuku, na mkono ulikuwa wake yeye.

Akafumua. Akahamishia sindano mkono wa kushoto, na sijui alikuwa anafikiria nini, mkono ambao umri wote haujashika hata kijiko. Akashona kwa tabu, mmoja, mwingine, mwingine, na kweli mishono ikaanza kulalia kushoto.  Akafika pale penye matundu ya safu mbili, akavuta uzi kuukaza kama inavyopasa, na ngozi, iliyokwisha kutobolewa na kufumuliwa na kushonwa na kufumuliwa tena, ikachanika. Ilichanika yote kwa mstari, toka begani mpaka chini, kama karatasi ya daftari. Akabaki na nusu huku na nusu kule.

Kitinda aliporudi kutoka hangani alimkuta baba yake amelaza paji la uso juu ya meza ya kukatia, analia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini.  Alimshika mabega, akasimama naye hivyo mpaka vijana wa hanga walipopiga honi kwamba kazi ya siku imekwisha.

Siku ya kusaini Magodoro alikuja amevaa suti, amefurahi kama bwana harusi. Makanika walikwisha kumwambia injini ni nzima na kutu hakuna. Akapanda, Dalali nyuma yake, rubani, na Misumari ambaye aliambiwa lazima awepo, kiti kikileta neno arekebishe. Magodoro akaketi kimoja kimoja, akijirusha, akisifu. Cha nane akaegemea, akapitisha kidole begani, kidole kikapita moja kwa moja bila kusimama.

"Umepanyoosha, fundi!" akasema. "Yule mlevi wenu mmempeleka wapi?"

Dalali alikwisha kufungua mdomo acheke.

"Hakuwa mlevi, bosi," Misumari akasema.

 Hakuna pale aliyewahi kumsikia akitamka maneno matatu mfululizo, na bado alikuwa na mengine.

"Alikuwa mke wangu. Alikuwa anaumwa. Kiti hicho ndicho alichomalizia."

Magodoro aliondoa mkono kwenye kiti kana kwamba ameshika sufuria la moto. Akamtazama fundi, kisha akaitazama ile ngozi nyeupe, uso umemshuka.

"Loo, fundi," akasema. "Nisamehe. Mimi godoro langu la kwanza kuuza alilishona mama yangu, kwa mkono, macho yakiwa yameanza kumkataa. Mshono unaenda huku na huku. Nililifuata kwa mteja nikalinunua tena, liko ofisini kwangu mpaka leo, hakuna anayeruhusiwa kulilalia." Akamtazama Dalali. "Na mimi sikusema vibadilishwe. Nilitania tu. Huyu ndiye aliyesema vibadilishwe." Dalali akawa anatazama viatu vyake. "Ungeniambia siku ileile, ningekiacha kama kilivyokuwa, na ningekaa hapohapo. Mbona hukusema, mzee wangu?"

Misumari alifungua mdomo. Hakukuwa na msumari ndani, wala sindano, wala kitu chochote cha kumzuia.

"Aliyekuwa akisema ni yeye," akajibu.